Doña za Sauti ya Mto

Evaristo Pupo mpaka leo akipita ile nyumba ya zamani ya gazeti, pale Magangué, mji wa kando ya mto, hupunguza mwendo. Siku hizi wanauza vipuri vya pikipiki. Yeye bado anasikia harufu ya wino na mafuta ya taa.

Alikuwa mpanga herufi wa *Sauti ya Mto*. Herufi zenyewe za madini ya risasi, anaziokota moja moja, anaunga neno. Lakini neno moja halikuungwa kila mara: doña, yaani bibi wa heshima. Ukurasa wa watu wa heshima ulilitafuna hilo neno kama karanga. Doña fulani karudi kutoka Cartagena, doña fulani kaozesha binti. Basi Evaristo aliunga doña nyingi mapema, akazifunga kwa uzi, tayari tayari, akaziweka kwenye kisanduku chake. Herufi zote za ñ za gazeti lile zilikuwa humo.

Na si kila mwanamke alipewa. Mtaani, mama yake Evaristo, Tomasa, mfua nguo, kila mtu alimwita doña Tomasa, hata walevi. Gazetini, ng'o! Doña ni wa nyumba za mbele, zinazotazama mto. Wengine wote ni "mwanamke".

Kila Jumamosi Tomasa alimletea mwanawe wali wa nazi na samaki, akaketi mlangoni.

"Haya, mwanangu, nani doña wiki hii?"

"Doña Leonor Villamil, mama. Kafanya karamu."

"Wee! Leonor? Mashuka yake nafua mimi. Udoña wake naujua mpaka madoa!" Akacheka mpaka machozi. Halafu, kwa sauti ya chini: "Na mimi utaniandika lini?"

"Siku yako ikifika, mama."

Mzaha tu. Lakini Tomasa alipofariki, Alhamisi moja ya joto kali, Evaristo aliukumbuka mzaha ule. Akamwendea mwenye gazeti, don Aurelio, kofia mkononi.

"Pole sana, Evaristo. Tangazo la msiba nakutolea bure. Andika: amefariki mwanamke Tomasa Pupo, mfua nguo."

"Naomba doña, don Aurelio. Mara hii tu."

Don Aurelio akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Eti doña! Nikimpa mama yako, kesho wafuaji wote wa mtoni watakuja kupiga foleni hapa. Na wale wa mbele wataniambia nini?"

Evaristo alirudi kwenye meza yake ya herufi. Akapanga tangazo kama alivyoambiwa, herufi kwa herufi. Kisha akaenda kuzika.

Kwa joto lile maiti haingoji. Ijumaa asubuhi wafuaji wenzake wa mtoni walimvisha Tomasa gauni lake jeupe lililopigwa pasi kama karatasi. Kabla ya kufunga jeneza, Evaristo aliinama, akamwekea kitu kilichofungwa kwa uzi chini ya mikono. Walidhani ni rozari.

Alasiri akarudi kazini. Don Aurelio alikuwa anapekua meza nzima, jasho linamtiririka.

"Evaristo! Ziko wapi doña zangu?"

"Zimechukuliwa, don Aurelio."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Alifukuzwa palepale, na hajawahi kujuta hata siku moja. Bila ñ hakuna doña; herufi mpya ziliagizwa kutoka Barranquilla, na meli ya mto haikuwa na haraka. Gazeti lazima litoke. Basi Jumamosi watu wa Magangué wakafungua ukurasa wa watu wa heshima, wakasoma kwamba mwanamke Leonor Villamil amefanya tena karamu, na chini yake, kwa herufi zilezile, kwamba amefariki mwanamke Tomasa Pupo.