Shuka Mlangoni kwa Mwanapili

Wifi yangu Mwanapili hakuwa mtu wa kutulia hata kabla ya msiba. Alipoolewa na kaka yangu Tembo akaja kukaa nasi Msambweni, mama alisema huyu hata akikaa, miguu yake inatembea. Sasa mfikirie mtu huyo ndani ya eda, hatoki, haonwi na wanaume, na kule Ramisi, kwenye sinema ya mabati ya wafanyakazi wa miwa, wametangaza wiki nzima ya picha za zamani kusherehekea Jamhuri.

Tembo alikuwa mkata miwa. Miaka mingi kabla ya uhuru, Wazungu walikuja na mashine yao wakapiga picha ya mavuno, na tangu siku hiyo kaka alituchosha masikio. Alikuwa kwenye sinema, alisema. Aliacha kukata, akaitazama mashine, akapunga mkono. Tulimcheka, na Mwanapili alicheka kuliko wote. Alikuwa akimwita "bwana sinema" mbele ya wageni, na walipogombana mara ya mwisho alimwambia hajapata kuona mwongo kama yeye. Wiki hiyohiyo lori la miwa likapinduka, na Tembo hakurudi nyumbani. Picha nyingine hakupata kupigwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia wifi alitaka starehe ndani ya eda, mwambie anyamaze.

Abdurahman, fundi wa mashine pale sinema, alikuwa ameletewa mikanda ya zamani kutoka Mombasa, imekauka na kukatikakatika. Aliisafisha kwa kitambaa, akaiunga kwa mkasi na gundi. Ule wa mavuno ulikuwemo, lakini ulikuwa mbovu kuliko yote na hakujua ataumaliza lini. Basi kila jioni nilitumwa mimi. Nilitazama Wahindi wakiimba huku wanalia, nikatazama farasi wakikimbia, na niliporudi nilimkuta wifi nyuma ya mlango, ufagio mkononi, anafagia palipokwisha kufagiwa.

"Ameonekana?"

"Bado, wifi."

Hakutaka kusikia nani aliimba nini. Alikwenda dirishani, akarudi kitandani, akainuka tena. Alinichosha, na nilimwonea huruma, yote mawili kwa pamoja.

Jumamosi mavuno yakaonyeshwa, nami nikamwona kaka. Nilirudi mbio nikamwambia Tembo hakudanganya, alipunga mkono kama alivyokuwa akisema. Mwanapili akaendelea kufagia.

"Wanituliza tu, wifi," akasema.

Mikanda ilikuwa irudi Mombasa Jumatatu. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, Mzee Chome, nikamwamkia shikamoo, nikamwuliza. Akasema mjane asitoke, wala asionekane na wanaume. Nilimshukuru nikaondoka upesi kabla hajaongeza neno. Hakusema kwamba sinema isimfuate nyumbani.

Nilimwomba Abdurahman, naye akaja Jumapili baada ya Magharibi, na mashine ndogo ya kubeba na jenereta. Tulitundika shuka nyeupe mlangoni. Majirani, wake kwa waume, nami tulikaa uani, na Mwanapili akabaki ndani gizani, nyuma ya shuka. Nguo yenyewe ilikuwa nyepesi, picha ikaonekana pande zote mbili.

Ikaja miwa, likapita trekta, kisha akatokea Tembo, kijana, kifua wazi, panga kwenye mkono wa kushoto. Kaka alikuwa na shoto, mji mzima ulijua. Akaacha kukata, akatutazama, akapunga mkono. Majirani wakalitaja jina lake. Mimi nililia.

Kutoka ndani ikaja sauti ya Mwanapili, kavu. "Huyo si yeye. Huyo akata kwa mkono wa kulia."

Nilipandwa na hasira. Watu wote wamemwona, na mkewe anamkana tena? Nikafunua pembe ya shuka nikaingia, maneno yako tayari mdomoni. Picha ilikuwa bado inakwenda. Trekta likapita tena, na nilipokuwa uani lilikuwa likielekea kulia, lakini humu ndani likaelekea kushoto. Hasira yote ikaniishia.

"Wifi," nikasema, "umekaa nyuma ya picha. Huku kila kitu kimegeuka. Mkono unaouona wa kulia ndio wa kushoto."

Aliitazama mikono yake mwenyewe, mmoja kisha mwingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie Abdurahman arudie."

Nikatoka. Abdurahman akarudisha mkanda nyuma, na Tembo akaja tena na panga lake. Akaacha kukata. Akatutazama, akainua mkono, na pale pale ulipokuwa mkono wake shuka ikatuna taratibu kutoka ndani, vidole vyote vitano. Wanaume wakainamisha vichwa. Kaka akapita, ikabaki miwa mitupu, na kile kiganja cha Mwanapili hakikuondoka, kimetulia.