Sufuria Iliyowahi Kuruka

Juzi, nikimsubiri madam, mwajiri wangu, nje ya duka la vitu vya kuchezea hapa Al-Safa, mtaa wa ughaibuni ninakofanya udereva, niliona dirishani ndege ya plastiki ya injini nne. Maelezo ya boksi yalisema ndege hizo zilipiga miji kwa mabomu, na vita vilipokwisha zikakatwa kuwa vyuma chakavu.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni jikoni kwa nyanya yangu, harufu ya maharagwe, na mwiko ukigonga sufuria nzito ambayo fundi aliitengeneza kwa kuyeyusha mabaki ya ndege. Babu, aliyepelekwa vitani na Wazungu, hakula chochote kilichopikwa humo. Alijichomea kiazi.

"Babu, kweli sufuria hii iliruka?"

"Iliruka. Ndege za namna hiyo nilizipakia mizigo mwenyewe."

"Mizigo ya nani?"

"Ya watu tusiowajua."

"Wakashukuru?"

"Wewe, kula unyamaze," nyanya alisema.

Babu alinisogezea kiazi chake. Nilidhani hapendi maharagwe tu, nikaikomba sufuria mpaka chini.

Madam alitoka dukani na mifuko. "Yalla, twende, dereva."

Nikaipakia kwenye buti bila kuuliza ni ya nani.