Fundi Anayelaumu Balbu

Fundi wetu wa nguo hapa sokoni Kakamega hulaumu balbu. Saa sita mchana, jua linawaka mlangoni, analamba uzi, anakosa tundu la sindano, analamba tena, anasonya. Nimechoka kumwambia kwamba vile vidonge vyake vya kansa ya matiti vinaweza kuharibu macho, amwambie daktari. “Ili aninyang'anye dawa, ugonjwa urudi? Wachana na mimi, dadangu!” Jana, baada ya kumbembeleza sana, nilimsindikiza kliniki kupimwa macho. Kwenye foleni alikuwa akinong'ona, akikariri herufi za chati zilizosomwa na waliomtangulia. Zamu yake ilipofika, akazitaja zote bila kusita, kisha akanigeukia akitabasamu kama aliyeshinda. Nesi alikuwa ameshabadilisha chati.