Nilizaa Mara Tatu Kabla ya Kulishika Begi

Fsss. Fsss. Kama gurudumu la baiskeli lililochomwa na mwiba, na mwenyewe bado anakanyaga akijiambia liko sawa. Sauti hiyo naikumbuka kuliko wimbo wowote ninaoujua. Ilikuwa hewa inayotoroka pembeni mwa barakoa ndogo ya mpira, barakoa niliyokuwa nimeibana usoni mwa mtoto mchanga ambaye bado hajavuta pumzi ya kwanza. Aliyekuwa akiliminya begi la hewa ni mimi. Mimi mwenye vyeti vitatu.

Wacha nianze na hivyo vyeti, maana nilijivunia sana.

Muuguzi akishahitimu, masomo hayamwachi. Lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza, apate pointi za kutosha, ndipo leseni yake ya kazi ifanywe upya. Sasa mimi na shule hatukuwahi kupendana. Kidato cha nne nilitoka na alama ambazo shangazi zangu waliziuliza mara moja tu, hawakurudia. Uuguzi nao niliusomea ule wa cheti, mfupi kuliko yote. Kwa hiyo niliposikia kuna masomo ambayo unapewa chai ya maziwa, mandazi, chakula cha mchana na cheti chenye mhuri siku hiyo hiyo, niliona hatimaye nimepata shule ya kiwango changu.

Mafunzo hayo yalifanyika Bungoma, kwenye ukumbi wa hoteli, nami nikafurahi zaidi kwa sababu kwetu ni Kanduyi na ningelala kwa mama. Somo lenyewe lilikuwa jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mnagawanywa makundi ya watu sita. Kila kundi linapewa begi la hewa na mwanasesere wa mazoezi ambaye kifua chake hupanda ukimpulizia vizuri, na ukikosea kinatulia tu kama mfuko wa unga. Mmoja anakuwa mkunga. Mwingine anavaa aproni yenye mfuko, anamficha mwanasesere ndani yake, anajilaza mezani na kuwa mama anayejifungua. Halafu mnabadilishana mpaka kila mtu awe amelishika begi.

Mara ya kwanza nilichaguliwa kuwa mama kwa sababu nilikuwa karibu na meza. Kosa langu lilikuwa kuzaa vizuri sana. Nililia, nikamtukana mume ambaye sina, nikaitisha uji, nikamuuliza mkunga kama yeye amewahi kuzaa au anasoma tu kwa kitabu. Mhudumu wa hoteli aliingia mbio na glasi ya maji. Makundi mengine yaliacha kazi yao yakaja kutazama. Tangu siku hiyo, nikitokea tu mlangoni kwenye mafunzo yoyote, mtu anasema mama amefika, na aproni inanifuata. Zamu za kubadilishana zikianza wenzangu wananiambia, "Wewe baki hapo bana, si umeona kila kitu kutoka kitandani?" Na kweli nilikuwa nimeona. Maneno yote niliyakariri nikiwa nimelala chali. Kisha chakula kinaiva, mwalimu analitilia kundi zima alama, tunaenda kula.

Ndivyo nilivyozaa mara tatu katika ukumbi wa hoteli, nikapewa vyeti vitatu vya kupumulisha watoto, na vidole vyangu havijawahi kuligusa begi.

Mama alivitia vyeti karatasi ya nailoni na kuvitundika sebuleni kati ya kalenda na picha ya harusi yake. Jirani akija kununua maharagwe anaonyeshwa kwanza ukuta. Wengine walianza kuniletea vikohozi vyao.

Huku Kitale nilikuwa nimeajiriwa katika kituo kidogo cha afya upande wa Kipsongo. Wauguzi tulikuwa wachache, na ilikuwa imeshapangwa kwamba mwezi unaofuata nitaanza kukaa peke yangu kwenye chumba cha kujifungulia kila Alhamisi. Jambo hilo lilinivimbisha kichwa. Kituoni kwetu pia kila Jumatano asubuhi, kabla kadi za wagonjwa hazijaanza kupangwa, muuguzi mmoja huwafundisha wenzake kitu. Zamu yangu ilipofika nilichagua, bila shaka, kupumulisha mtoto. Nilichora chati kwa kalamu za rangi tatu. Nilitafuta kijiti cha kuelekezea. Nilipokuwa nasimama pale mbele, akilini mwangu nilikuwa tayari mkufunzi mkubwa, nina viatu vya kisigino, nazunguka kaunti zote na kalamu ile ya kutoa mwanga mwekundu, nalala hoteli bila kuulizwa.

Nilisema yote. Mkaushe, msugue mgongo, na kama hapumui hakuna dakika ya kupoteza: begi. Walinipigia makofi. Msimamizi wetu, mama wa makamo tunayemwita Sista tu, alikuwa amekaa nyuma na mikono kifuani. Aliniomba nionyeshe kwa mikono. Nilimjibu kwa heshima kwamba leo tunashughulika na nadharia.

Nadharia ilidumu siku mbili. Ijumaa, saa nne asubuhi, alikuja mama mmoja anayeuza mahindi kwenye soko la Kwanza. Alikuwa amemtembelea dada yake Kipsongo, uchungu ukamkuta huko. Alikuwa mchangamfu, ananiita daktari kila mara, na mimi simkosoi. Sista alimpokea mtoto, msichana. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingo. Sista aliifungua, akamkausha mtoto, akamsugua mgongo. Kimya. Alikuwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Sista alikata kitovu, na kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa ameanza kuvuja damu na hakuweza kumwacha, alininyooshea mtoto mimi.

"Begi," akasema.

Nilimlaza mezani. Niliweka barakoa, nikaminya. Fsss. Nilikumbuka chati yangu, mpaka rangi nilizotumia. Kidevu nilikuwa nimekichora kwa kijani. Nilikandamiza kwa nguvu zaidi, kama mtu anayefunika sufuria isichemke. Fsss. Kifua cha yule mtoto hakikusogea hata kidogo. Nyuma yangu mama aliuliza mbona halii, akauliza tena, sauti ikiwa ndogo zaidi.

"Kifua kinapanda?" Sista aliuliza bila kugeuka.

"Kinapanda, Sista."

Hapo ndipo nimefika mara nyingi kichwani nikarudi. Sikuwa nimepanga kudanganya. Nilitaka kifua kipande kwa moyo wangu wote, na mdomo ukatangulia.

Sista alimwambia mama ajikande tumbo pale pale ili damu ipungue, kwa nguvu, asiache. Akaja hatua mbili, akauweka mkono wake juu ya wangu. "Hakijapanda. Mwangalie, usiangalie begi." Alinisogezea barakoa, maana ilikuwa imemfunika macho. Kichwa cha mtoto nilikuwa nimekiinamisha hadi kidevu kikagusa kifua. Akakiinua kidogo tu, kama mtu anayenusa kitu kizuri jikoni. Akanishikisha taya kwa vidole vitatu. "Sasa. Puliza, mbili, tatu. Puliza, mbili, tatu."

Hapakuwa na fsss. Kifua kilipanda. Nilikiona kikipanda chini ya mkono wangu, kidogo kama pumzi ya paka aliyelala. Baada ya kama mara kumi alikohoa. Halafu akalia kwa hasira, na mimi nikalia naye, nikiwa bado na begi mkononi, hadi Sista akaninyang'anya akaniambia nikamfunike mtoto, niache mvua.

Jioni mama alikuwa ameketi, anakunywa chai, mtoto ananyonya. Aliniuliza jina langu. Alisema anataka kumpa binti yake, kwa sababu ndimi niliyemwamsha. Ati alinitazama muda wote. Nilimgeukia Sista. Sista alikuwa anakunja shuka moja kwa mara ya tatu, hasaidii kabisa.

Nilimwambia kwamba aliyemwamsha ni Sista, kwamba mimi nilikuwa napulizia masikio. Basi ampe jina la Sista. Aliuliza Sista anaitwa nani, akaambiwa. Akafikiri kidogo.

"Hilo ni jina la nyanya mzee," akasema. "Wacha nimuulize mama mkwe."

Sista alicheka mpaka akaketi. Lakini baadaye, kwenye chumba chetu cha chai, hakuwa anacheka tena. Aliniuliza nimelishika begi mara ngapi maishani. Nikamwambia nimehudhuria mafunzo mara tatu. Akasema hajauliza kuhudhuria. Ikabidi nimweleze habari za aproni, na uji, na mhudumu wa hoteli na maji yake. Niliona mdomo wake unapigana na kicheko, ukashinda.

"Ujinga ni sawa," alisema. "Mimi pia nilikuwa nao, tunaufundisha unatoka. Lakini uliniambia kinapanda. Siku nyingine sitakuwa hatua mbili kutoka kwako. Alhamisi sikuandiki peke yako mpaka kifua kipande mikononi mwako, mbele yangu, bila mimi kukugusa."

Mtu akinigombeza kwa kelele huwa napata pa kujificha. Kwa sauti ile ya chini sikupata.

Aliazima mwanasesere na begi la mazoezi mahali fulani, akanikabidhi kwenye mfuko wa sandarusi. Kila mchana wenzangu wakienda kula mimi nilibaki nampulizia mtoto wa plastiki. Siku ya kwanza kifua kilipanda mara moja, nikashtuka, nikapoteza mkao. Siku ya pili nilipulizia tumbo. Wikendi nilimbeba hadi Kanduyi. Mama alifungua mfuko akitafuta mkate niliokuwa nimemwahidi, akakuta miguu.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza, mkono kifuani.

Nilimweleza. Nilimweleza hata ile sehemu ya kudanganya, jambo ambalo sikuwa nimepanga. Aliendelea kuchambua maharagwe. Halafu akatazama ukuta.

"Na hivi vyeti?"

"Hivyo ni vya kuigiza mama, Mama."

Nilitarajia avishushe. Hakuvishusha, alisema nailoni imemgharimu. Ila alisogeza sinia, akaniambia nimweke mwanasesere mezani, nianze. Yeye akahesabu. Puliza, mbili, tatu, huku vidole vyake vinatupa mawe na maharagwe mabovu kwa mwendo ule ule. Tulikaa hivyo hadi maharagwe yakaisha. Jirani mmoja alichungulia, akaona, akaenda zake bila kununua kitu.

Mafunzo mengine Bungoma yalipofika aproni ilinijia kama kawaida. Nikaikabidhi kwa muuguzi mmoja mwanamume mrefu, mpole, ambaye alizaa bila neno, kama mtu anayetoa simu mfukoni. Watu walisikitika sana. Waliniambia nimewaangusha. Mimi nilikuwa wa kwanza kulishika begi, na baada ya zamu yangu nikaomba nirudie mwisho, chakula kikipoa.

Kisha Sista akanipima. Alimlaza mwanasesere mezani, akasimama mlangoni na mikono nyuma, akaniuliza swali lile lile, kifua kinapanda? Mara ya kwanza nilisema, "Hapana, Sista, bado." Nikasogeza kidevu. "Sasa ndiyo." Alimrudisha mwanasesere kwenye mfuko, akaondoka. Lakini jioni nilipopita ubaoni penye ratiba, jina langu lilikuwa kwenye Alhamisi, peke yake, limeandikwa kwa mwandiko wake uliolala.

Alhamisi hiyo nilifika mapema. Hakukuwa na mama yeyote bado, benchi la nje lilikuwa tupu na limelowa umande. Nilifungua madirisha. Nilitandika taulo mbili mezani, moja ya kukaushia na moja ya kufunikia. Nikalitoa begi kabatini ambako kila mtu huliweka, nikaibana barakoa kwenye kiganja changu cha kushoto, nikaminya kwa mkono wa kulia, nikatega sikio. Hapakuwa na fsss. Begi lilinigomea, gumu, hewa haina pa kutokea. Nikaminya mara ya pili kuhakikisha. Kisha sikulirudisha kabatini. Nililiweka juu ya meza, karibu na taulo, mahali mkono utakapolikuta bila kutafuta.