Miti Iliyobaki

Juzi jirani yangu alipata kazi Mombasa. Alifunga mlango akaondoka na mizigo yake, nyumba ikabaki imesimama. Nikalia dirishani kama mjinga.

Kwetu, karibu na Balambala, kuhama kulikuwa kuvunja nyumba. Miti iling'olewa, mikeka ikakunjwa, vyote vikapakiwa juu ya ngamia. Vita vilipomaliza ngamia wetu, baba alipata kazi ya kulinda ghala huko Kisumu, nami nikadhani tunahama sote. Mama alipokwenda mtoni, nikaibomoa nyumba peke yangu. Mikeka ilinuka moshi wa ubani. Fundo lisiloniridhisha nililifungua nikalifunga tena, mpaka vidole vikachubuka.

Baba alirudi kutoka kuswali, akachukua mfuko wake mmoja. Lori lilikuwa likinguruma barabarani.

"Aabo, kila kitu tayari," nilimwambia.

Akacheka. "Nani kakwambia Kisumu watu wanahamia na nyumba?"

"Usimcheke," mama alisema, akitua maji. "Mafundo yake yanashinda yako."

Lori liliondoka, likaacha harufu ya dizeli. Mama akaisimamisha nyumba upya, lakini ndogo, na miti mingi ikabaki chini.

"Hooyo, umesahau miti," nikamwambia mama.

"Sijasahau. Hii inatutosha wawili."

Nilidhani nimeiharibu kwa kuing'oa vibaya, nikaomba radhi. Sikujua kwamba mama alikuwa ameshajua baba harudi. Mama alikoka moto kwa ile miti iliyobaki, akatupikia chai.