Nilitabasamu Huku Mgongo Wangu Unaoza

Jina langu ni Georgine. Ni fundi wa nguo, ninaishi mtaa wa Kabondo, na ninatembea kwa fimbo. Wanaonipita njiani wanaona fimbo na kibiongo changu, wananipa pole. Ninaipokea pole yao. Lakini leo nataka niseme mambo yalivyokwenda tangu mwanzo, kwa sababu yamesimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Kabla ya ugonjwa nilijulikana kwa kicheko. Mashine yangu ya kushona ilikaa barazani, karibu na njia, na mtu akipita na baiskeli yake nilimtania mpaka akasimama. Nilishona yunifomu za wanafunzi, blauzi za sikukuu, na sare za wanawake wa kanisa letu. Nilikuwa na mume, Justin, dereva wa pikipiki, na binti mmoja, Plamedi, aliyekuwa anaanza sekondari. Nilikula vizuri na kulala vizuri. Hospitali niliijua kwa kwenda kuona wagonjwa tu.

Maumivu yalianza katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega. Nilidhani ni kazi ya kuinama. Nikaweka mto nyuma ya kiti, Plamedi akanikanda na mafuta ya mawese ya moto. Hayakuondoka. Ilipofika jioni mwili ulipata joto, na asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho kama limenyeshewa mvua. Nguo zikaanza kunipwaya. Nilizipunguza mwenyewe kwenye mashine yangu, kisha nikazipunguza tena.

Nilimwambia Justin. Akasema, "Bon, chérie, usiweke hiyo kitu mu kichwa. Waza mazuri. Mutu akiwaza ugonjwa, ugonjwa inakuya."

Nilimwambia pia Mama Perpétue, kiongozi wa wanawake wa kanisa. Huyo ni mwanamke mwenye sauti nzuri na mikono yenye joto, na alinishika mikono yote miwili.

"Georgine," alisema, "wewe ndiye furaha yetu hapa. Usitaje ugonjwa. Ukiutaja, unaupatia kiti. Mutu akikuuliza, sema uko muzima. Sema mpaka mwili usikie."

Nikasema. Nilisema kwa majirani, kwa wateja, kwa binti yangu. Kila niliyekutana naye nilimwonyesha meno. Nilipoinama kuokota sindano, maumivu yalinichoma kama msumari, na bado nilicheka. Nilikuwa nimejifunza kucheka bila kuvuta pumzi, maana pumzi ndefu ndiyo iliyouma zaidi.

Kisha miguu ikaanza. Kwanza ganzi kwenye vidole. Siku moja nilitoka sokoni, nikafika nyumbani, na Plamedi akaniuliza, "Mama, sapato ingine iko wapi?" Ndala moja ilikuwa imenitoka njiani na sikuisikia ikitoka. Baadaye magoti yakawa yananiachilia ghafla. Mkojo nao haukunisubiri tena. Nilivaa vitambaa ndani ya nguo na juu yake nikafunga pagne mbili za kitenge, nikaenda kanisani kuimba.

Ni huko kanisani nilikoanguka. Ilikuwa wakati wa sadaka, tunacheza tukienda mbele. Miguu yangu ilikatika kama mtu amekata kamba. Nikaanguka chini, kidevu kikagonga sakafu, damu ikajaa mdomoni. Nilijaribu kuinuka, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini sikusikia kitu. Mkojo ulinitoka na kulowesha pagne.

Nao wakapiga makofi. Walifikiri Roho amenishukia. Ngoma ikaongezwa, wanawake wakanizunguka wakiimba, Mama Perpétue akapaaza sauti, "Asante, Bwana, anafanya kazi ndani yake!" Nikawatazama kutoka pale chini, naona miguu yao ikicheza karibu na uso wangu. Nikasema, "Siwezi kusimama." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Ngoma ilikuwa na nguvu kunishinda.

Aliyenitoa ni dada yangu mkubwa, yaya Régine. Yeye anauza samaki anaowaleta kwa mtumbwi kutoka Yanonge, na siku hiyo alikuja kanisani kwa sababu tu nilimwalika. Aliwasukuma wale wanawake kwa mabega yake mapana, akapiga magoti, akagusa pagne yangu iliyolowa, akanusa mkono wake.

"Nyamazisheni ngoma!" alifoka. "Huyu anakufa! Hamuna macho?"

Nilipelekwa hospitali nikiwa nimebanwa katikati ya pikipiki, dereva mbele, yaya nyuma amenikumbatia, miguu yangu ikiburuzika mpaka alipoifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Dokta alikuwa mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Alinichoma kwa sindano kwenye nyayo, kwenye shavu la mguu, kwenye paja, akiuliza, "Unasikia?" Nikajibu hapana, hapana, hapana. Wakanipiga picha ya mgongo. Alipokuja nayo aliiinua dirishani, akatuonyesha mahali ambapo mifupa miwili ilikuwa imeliwa na kuangukiana.

"Ni kifua kikuu," alisema. "Kimeingia kwenye uti wa mgongo."

Yaya Régine akasema, "Lakini hakohoi."

"Si kila kifua kikuu kinakohoa, mama." Kisha akanigeukia. "Hii haikuanza wiki iliyopita. Kwa nini ulichelewa?"

Nilisikia midomo yangu ikianza kutabasamu, kwa mazoea. Dokta aliniangalia vibaya, nami nikaona aibu.

Alitueleza wazi. Dawa zipo, nitameza kwa miezi mingi bila kuruka. Ugonjwa utakufa. Miguu, alisema, hawezi kuiahidi.

Nililazwa chali kwenye godoro gumu, nikakatazwa kukaa. Waliniwekea mpira wa mkojo. Vidonge vilinitapisha, na mkojo ukawa na rangi ya Fanta, hata nikadhani ninatoa damu. Yaya Régine aliacha safari zake za samaki. Alikuja na chakula kila siku, lituma laini ya ndizi aliyoponda mwenyewe, na mchuzi wa samaki bila miiba, akanilisha kwa mkono, akanigeuza, akaniosha sehemu ambazo mtu mzima hapendi kuoshwa na mwenzake. Plamedi alihamia kwa yaya, mtaa wa Tshopo.

Justin alikuja mwanzoni. Alisimama mlangoni kwa sababu ya harufu. "Courage, chérie," alisema. "Cheka kidogo basi. Ukicheka utasimama." Baadaye akawa anatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya yaya, maneno matamu, niwe na moyo, nisikate tamaa. Sabuni hakuleta. Siku moja sauti yake ikasema amepata nafasi kwenye machimbo ya dhahabu, nisijali, atarudi na baraka. Yuko huko mpaka leo. Nasikia ana mtoto na mwanamke wa huko.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Mama Anifa, mama wa Kiislamu aliyeuza sambusa karibu na msikiti. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla mguu, wakaukata juu ya goti. Sijawahi kuona mtu anayecheka vile. Alicheka kwa tumbo lote, mpaka chupa ya maji mezani ikatikisika. Kuhusu ule mguu alisema, "Umetangulia kunishikia nafasi. Siku nikienda nitakuta kiti." Wauguzi walikuja kwenye kitanda chake kupumzika.

Nami nilijaribu kumfuata, nikacheka naye. Siku moja alininyamazisha.

"Wewe hucheki," aliniambia. "Unaonyesha meno tu. Miye nilisikia unavyoyasaga usiku. Wapi inakuuma?"

"Hakuna, mama. Niko muzuri."

"Acha uongo, mwanamuke! Miye nililia mguu wangu juma nzima, ndipo nikacheka. Wewe umelia lini?"

Basi nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, kamasi zikiingia masikioni kwa kuwa sikuweza kugeuka. Nilipiga kelele, "Ninaumwa! Ninaumwa!" Muuguzi alikuja mbio akauliza ninaumwa wapi, na kwa mara ya kwanza nikamjibu sawasawa: mgongo, tumbo linalojaa, na joto linalopanda tena. Wakanigeuza kunichunguza, mimi ambaye siku zote nilisema niko salama. Chini ya bandeji waliyokuwa wameweka kwenye mchubuko, juu ya matako ambako sikuwa na hisia, kidonda cha kulala kilikuwa kimefika karibu na mfupa, kimejaa usaha. Dokta alikikata siku hiyo hiyo. Alisema tungechelewa kidogo, sumu ingeingia kwenye damu.

Mama Anifa alikufa kabla ya kidonda changu kufunga. Homa ilimpanda kutoka kwenye kidonda cha ule mguu, na dawa hazikuishika. Asubuhi ya mwisho aliomba chai. Binti yake alipokwenda kuitafuta, mama aliniambia kwamba chai ya hospitali inafaa kuoshea sakafu, akacheka kidogo, akafumba macho. Binti alirudi na kikombe, akasimama nacho. Mimi, kutoka kitandani kwangu, sikuweza hata kumfikia kwa mkono.

Nawaombeni mlikumbuke hilo mtu anapowaambia kwamba furaha inaponya. Kama kicheko kingeponya, mimi ningekufa na Anifa angekuwa anakaanga sambusa zake sasa hivi.

Miguu yangu ilirudi polepole, na haikurudi yote. Yaya Régine alikuwa na tabia ya kunikanda vidole vya miguu akilalamika juu ya bei ya chumvi na wenye mitumbwi. Katikati ya malalamiko yake akaushika mguu wangu kwa nguvu. "Fanya tena," alisema. "Nini?" "Kidole. Kimecheza. Fanya tena!" Nikakaza akili yote niliyokuwa nayo, na kidole gumba kikasogea. Yaya, ambaye sikumwona akitoa chozi hata tulipomzika mama yetu, alifunika uso kwa mguu wangu akalia.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya kukaa nikishikwa na kizunguzungu, kusimama nimeshikwa makwapani, kuanguka, kutukana, kusimama tena. Kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo sikuwa na moyo wowote. Nilimeza vidonge nikiwa nimekasirika. Vilifanya kazi hivyo hivyo.

Niliporudi Kabondo na magongo yangu, Plamedi akiwa nami, kanisa lilitaka ushuhuda. Mama Perpétue alikuja nyumbani na sare mpya, imeshonwa na mtu mwingine.

"Utatuambia jinsi furaha ilivyokupa ushindi," alisema. "Mambo ya vidonge usiyarefushe, mama. Watu wanataka kutiwa nguvu."

Jumapili ile nilisimama mbele na kusema niliyowaambieni hapa. Nilisema nilianguka hapa, mahali hapa, mkanipigia makofi. Nilisema mkojo. Nilisema usaha. Nilimtaja Mama Anifa, ambaye wengine hawakupenda kumsikia akitajwa mahali pale. Nilimshukuru Mungu kwa dada yangu, kwa dokta, kwa muuguzi aliyekuja mbio. Nilipomaliza hakukuwa na ngoma. Mama Perpétue alichukua kipaza sauti akaanzisha wimbo, na baada ya ibada aliniambia, "Umetuharibia." Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kichwa.

Sikujuta, lakini sitasema haikuniuma. Nililipenda kanisa lile. Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya mashine bila kushona.

Siku mbili tatu baadaye alikuja mama mmoja wa kwaya, Mama Solange. Hatukuwa marafiki. Nilimjua kama mwanamke wa mstari wa nyuma anayeimba macho yamefumbwa. Aliketi, akasifu kitambaa changu, akasifu hali ya hewa, kisha akauliza kama mlango unafungwa. Plamedi akaufunga. Mama Solange alifungua blauzi.

Titi la kushoto lilikuwa gumu, ngozi yake imejikunja kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu mwaka jana. Nilikuwa nasema niko muzima."

Hasira iliyonishika sikuwa na pa kuiweka. Nilitaka kupasua kitu. Badala yake nilimwambia afunge vifungo, nikamtuma Plamedi aite pikipiki. Tulikwenda kwa dokta yule yule. Tulikaa kwenye benchi, yeye ameshika mkono wangu, nami sikumwambia kwamba yote yatakuwa mazuri, kwa sababu sikujua. Nilimwambia nitakuwa hapo.

Wamemfanyia upasuaji. Matibabu yanaendelea na hakuna aliyemwahidi kitu. Ninampelekea uji, na siku miguu yangu ikikataa, yaya Régine anampelekea.

Mimi bado ninavuja mkojo nikikohoa. Mgongo wangu hautanyooka. Ninashona taratibu, napumzika, nashona. Kuna siku ninacheka na wapita njia kama zamani, na kicheko hicho ni changu, hakuna aliyeniagiza. Siku nyingine nina uchungu mpaka jioni, na ninaacha uchungu ukae.

Ninamshukuru Mungu aliyeniacha hai. Ninamshukuru yaya Régine, ambaye hakuniambia hata mara moja nitabasamu. Aliniuliza tu kama nimekula. Ninyi wenye wagonjwa nyumbani, waulizeni hivyo. Angalieni viatu vyao, shuka zao, nguo zinazowapwaya. Na wewe unayesoma huku umeshika mahali panapouma, ukitumaini hakuna anayekuona: nenda hospitali, uwaonyeshe. Nenda ukiwa na huzuni yako hiyo hiyo. Watakupokea nayo.