Klachi Mpya ya Pikipiki ya Baba

Jamani, leo nimetengeneza pikipiki ikapona kabisa, na moyo unaniuma.

Ni ya marehemu baba. Tangu tumzike ilikaa tu nyuma ya nyumba, hapa Kilimatinde, inavuja oili.

Asubuhi nimeilaza uani, nikabadilisha sili ya oili na klachi. Mafundi mtanisamehe, nimefunga mwenyewe na haivuji hata tone.

Jioni nikashuka nayo bondeni kuijaribu. Kurudi, mlima wote imepanda taratibu, haipigi kelele. Nilifurahi mno!

Nafika nyumbani, mama ananikuta mlangoni, kashtuka.

"Umepita wapi? Mbona sijakusikia?"

Nikamwelezea kwamba klachi ya zamani ilikuwa imeisha, ndiyo maana injini ilikuwa inalia sana mlimani na mwendo hakuna.

Akasema, "Baba yako nilikuwa namsikia tangu kule bondeni. Ndipo nabandika maji ya ugali."

Akarudi jikoni. Moto ulikuwa haujawashwa.

Niambieni ukweli, ndugu zangu.

Ningebadilisha sili tu, klachi ya zamani nikamwachia mama?